Mtaalamu Asiyeuliza na Mbuzi wa Mutomo

Ndugu zangu wa kanisa hili, kabla sijasema lolote la maana, niwaambie jambo nililoliamini kwa moyo wote, na maini, na figo. Niliamini kwamba kule Mombasa kuna mtaalamu wa kompyuta ambaye hajawahi kumuuliza mtu swali. Anaingia ofisini, anavuta hewa kwa pua, anafumba macho, na hapo hapo anajua ofisi hiyo inahitaji mfumo gani. Na niliamini kwamba mtaalamu akithubutu kuuliza, kompyuta humjua ni wa bandia, huzima, na haiwaki tena hata uipeleke Japani.

Mama pale mbele, ngoja kucheka. Aliyenipa habari hiyo alikuwa dereva wangu wa lori, mtu mzima mwenye mji na ng'ombe, tukila muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kule Mtito Andei. Alisema mtaalamu huyo alikuja kwenye kampuni aliyoifanyia kazi zamani, akaingia kwa bosi, hakumuuliza hata jina, akatengeneza mfumo uliofanya kazi siku ya kwanza. Hilo la kompyuta kuzima nadhani niliongeza mwenyewe, lakini nikaliamini pia.

Nilikuwa tanboi wake, yule wa kufunga turubai na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Wengi wenu mnajua yaliyofuata, kwa sababu ni nyinyi mlionibeba. Nilianguka kutoka juu ya shehena, mguu ukavunjika mahali pengi kuliko mguu ulivyo na mahali. Lori likapata tanboi mwingine. Mke wangu akabaki peke yake na nyumba, watoto, na mimi, nimelala kama gunia la mahindi, tofauti ni kwamba mahindi hayalalamiki.

Ndipo mwalimu wa masomo ya jioni akaja kuniona. Akasema, "Mguu ndio umevunjika. Kichwa je?" Nikasema kichwa kizima. "Basi kilete darasani."

Nikaenda. Tulitumia madawati ya watoto wa darasa la pili. Mguu wangu wenye plasta ulitokeza mlangoni mpaka wapita njia wakadhani shule imenunua mlingoti wa bendera. Nikamaliza, nikapita, nikaendelea na chuo cha kompyuta hapa hapa Emali, jioni vilevile. Huko tulifundishwa kwamba kabla hujatengeneza mfumo, waulize watakaoutumia. Niliandika kila neno na nikapasi mtihani. Lakini moyoni nilisema, haya ni ya wanafunzi. Wakubwa hawaulizi.

Na msinilaumu peke yangu. Mnajua tulikotoka. Babu zetu walipokwenda kwa mganga hawakusema shida yao. Walikaa kimya. Yeye ndiye aseme: umepotelewa na ng'ombe, na shemeji yako anajua alipo. Akiuliza, "Mmekuja kwa nini?" wanachukua kuku wao wanarudi nyumbani. Sisi tumeokoka, ndiyo, lakini kumpima mtaalamu kwa kimya hatujaacha. Hata daktari tunampima. Anauliza wapi panauma, unamwambia, "Si wewe umesoma?"

Sasa, kazi yangu ya kwanza. Mmoja wenu hapa aliniombea kazi kwa kamati ya kisima upande wa Mutomo. Kiangazi kilikuwa kikali, vumbi limepanda mpaka ndege za angani zinawasha taa. Mbuzi walikonda hivi kwamba ukiwatazama kwa ubavu hawapo. Kisima kilikuwa kimoja, cha umeme wa jua, na wanyama walifika wote kwa pamoja, wakakanyagana. Kamati ilitaka mfumo wa kuwaita watu kwa zamu kupitia simu. Mwenyekiti alinikalisha mbele ya watu.

"Kijana, tumengoja mtaalamu. Wewe unaona tunahitaji nini?"

Nikavuta hewa kwa pua. Nikafumba macho. "Naona zamu."

"Eee," wakasema, wakitazamana. "Ameona."

Ndugu zangu, nawaambia, hakuna aliyeniambia zaidi, na mimi sikuuliza zaidi. Wao walikuwa wakinipima, na mimi nilikuwa nikiogopa kompyuta isizime. Nikajifungia nikatengeneza mfumo mzuri ajabu. Kila asubuhi saa mbili, mwenye boma anapata ujumbe kwa Kiingereza safi: leo ni zamu yako, lete mifugo saa fulani.

Siku ya kwanza tukaketi kisimani na kamati, mimi na tai shingoni. Saa tatu, hakuna mbuzi. Saa nne, hakuna hata kuku. Kisha simu ya mwenyekiti ikalia. Alikuwa mwanakijiji aliye askari wa lango huko Mombasa.

"Mzee, kompyuta inasema nilete mbuzi saa tatu. Tajiri nimwambie nini?"

Wakafuata wa Nairobi, na wa Athi River, na mmoja alishapanda basi akidhani kuna msiba. Wenye boma niliowaandika walikuwa makazini mbali. Waliobaki na mifugo hawakuwa na habari yoyote. Jioni wakaja wote kwa pamoja kama zamani, na kwa kiu kubwa zaidi. Birika la kunyweshea likavunjika ukingo. Mama mmoja alipoteza mbuzi wawili waliokanyagwa. Hapo sitii chumvi. Wawili, na mmoja alikuwa na mimba.

Mwenyekiti hakunipigia kelele. Alisema, "Una mpaka siku ya soko. Ikiwa hivi tena, rudi kwenu. Mifugo ikiisha hapa, watu pia wataondoka." Nilimpigia mke wangu simu nikamwambia narudi. Akasema, "Kurudi unaweza. Lakini hao watu wataachiwa nani?"

Kesho yake nikaketi kando ya birika. Yule mama aliyefiwa na mbuzi akaja kuteka maji.

"Mtaalamu, mbona umekaa juani?"

"Nimeshindwa, mwaitu, mama yangu."

"Umeshindwa na nini?"

"Sijui mnataka nini."

Akaweka mtungi chini. "Hujui?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwaitu. Na pole kwa mbuzi wako."

Nikaangalia kwenye mkoba wangu kama kompyuta imezima. Haikuzima. Mama akageuka akaita wenzake kwa sauti ya kusikika mpaka Voi: "Njooni! Huyu amesema hajui!"

Wakaja mbio, wamefurahi kama wamealikwa harusini. "Kwa nini hukusema? Sisi tulinyamaza tuone kama unajua." Halafu yakafunguka. Namba niliyoandika ni ya baba watoto, na baba watoto yuko Mombasa. Simu ya nyumbani kwa fulani ni ya jirani. Saa mbili asubuhi mbuzi wameshaingia porini, "nani atawarudisha, wewe na huo mguu?" Kwa hivyo habari ije jioni iliyotangulia. Bibi mmoja akasema alipoona Kiingereza alidhani ameshinda zawadi, akachinja kuku. Mwingine akasema yeye hasomi, simu na iongee.

Walipofika kwenye nani atangulie, ng'ombe au mbuzi, walibishana karibu wavuane vitambaa.

"Ng'ombe watatutilia matope!"

"Na mbuzi wako wanajisaidia ndani ya birika, husemi?"

Zamani ningechagua mimi. Siku ile nikanyamaza, lakini si kile kimya cha kwa mganga. Nilikuwa nikisikiliza. Mwisho wakakubaliana wenyewe: mbuzi asubuhi, ng'ombe baada ya saa sita, na anayenyonyesha mtoto mchanga haulizwi foleni. Hilo la mwisho, ndugu zangu, hata yule mtaalamu wa Mombasa asingelinusa.

Nikatengeneza upya. Sasa simu hulia jioni, kwa namba walizochagua wao, na huongea Kikamba. Sauti ni ya yule mama aliyefiwa na mbuzi. Anasema kwa ukali kidogo, na hakuna anayechelewa. Siku ya soko mwenyekiti alitazama mbuzi wakinywa kwa zamu, akasema neno moja, "Endelea." Waliolalamika ni wanaume wa Mombasa, kwamba siku hizi kompyuta imewasahau.

Nashukuru. Nawashukuru akina mama wa kanisa hili mliolisha nyumba yangu nilipokuwa gunia. Namshukuru mwalimu aliyekiita kichwa changu darasani. Namshukuru mke wangu, ambaye hakunikubalia kurudi. Na mama wa Mutomo, ambaye angeweza kunidai mbuzi akanipa sauti yake. Mwaka huu Mungu amenijalia nikampelekea mbuzi jike na kitoto chake, naye akaniuliza kwa nini sikuuliza kwanza anataka rangi gani. Kama nina la kuwaachia vijana ni hili: kusema "sijui" hakujamvunja mtu mguu. Kwenye lori ndiko nilikovunjika.

Nimalizie. Majuzi nilikutana na yule dereva hapa Emali, sokoni. Tukakumbatiana. Nikamlaumu, nikamwambia hadithi yake ya mtaalamu asiyeuliza ilikuwa karibu kunimaliza.

Akanitazama, akashangaa kweli.

"Yule? Yule alikaa na sisi madereva pale uwanjani wiki nzima. Alituuliza sisi, akamuuliza mlinzi, akamuuliza hata mpishi. Mimi nilikuambia hakumuuliza bosi. Wewe hukuniuliza kama aliuliza mtu mwingine."