Siku Niliyoikana Pikipiki ya Baba

Shikamooni wakubwa wote. Wa rika langu, mambo vipi. Wenye salamu ya msikitini na wenye salamu ya kanisani, naomba kila mmoja apokee ya kwake, maana nikianza kuzipanga nitasahau nilichokuja kusema.

Mwenyekiti wa umoja wenu wa bodaboda ndiye aliyeniita. Alisikia yaliyotokea mjini kwetu, na yeye anasema bango kama la kwetu limeshasimikwa hapa kwenu wiki iliyopita. Mimi niko kidato cha tatu, baba yangu ni bodaboda. Si mzungumzaji. Darasani mwalimu akiuliza swali naangalia dawati. Ninachoweza ni kuandika, nina daftari ninaloandika mambo ya kila siku, kwa hiyo leo nimekuja na karatasi na nitasoma. Mkisikia kelele ni karatasi hiyo naigeuza. Mnivumilie.

Ndugu zangu, ilikuwa asubuhi ya Jumanne. Bibi aliamka presha imepanda, hawezi kusimama. Baba alimkalisha katikati, mimi nikakaa nyuma kumshikilia, tukaenda hospitali mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja. Najua hilo nalo ni kosa. Nimelisema ili msije mkasema nachagua makosa.

Kwenye geti la hospitali kulikuwa na bango jipya: pikipiki haziruhusiwi kusimama. Sehemu ya pikipiki ilikuwa imehamishiwa ng'ambo ya mtaro, kwenye uwanja ulio wazi, na kutoka pale mpaka getini mtu mzima mwenye afya anatoka jasho. Magari hayakuwa na bango. Kulikuwa na gari moja limeegeshwa chini ya bango lenyewe, dereva amenyoosha miguu nje ya mlango, anakula muhindi.

Baba alisimama getini. Angefanya nini? Akamshusha bibi, akambeba mgongoni, akaniambia, "Kaa hapo na pikipiki. Wakija waambie baba anamwingiza mgonjwa, anatoka sasa hivi."

Ni maneno machache hayo. Niliyarudia kichwani kama shairi la kukariri. Baba anamwingiza mgonjwa, anatoka sasa hivi. Nilihama mguu huu, nikahamia mguu ule. Nikajisogeza mbali kidogo na pikipiki, nikarudi, nikajisogeza tena.

Wakaja mgambo wawili na gari lenye nyuma wazi.

"Ya nani hii?"

Nikaangalia tairi la mbele.

"Binti, si naongea na wewe? Au umekuja kutibiwa ulimi?" Mwenzake akacheka. "Hii pikipiki ni ya kwenu?"

Nikasema, "Hapana."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hilo ndilo neno pekee nililolitoa, na lilikuwa la uongo. Maneno ya kweli yalikuwepo tayari, baba ameniachia, nimeyakariri, lakini hayakupita. "Hapana" lilipita lenyewe. Wakaibeba pikipiki ya baba kama mbuzi, wakaipakia nyuma ya gari, wakaondoka. Yule dereva aliendelea na muhindi wake.

Baba alitoka na karatasi ya dawa mkononi, bibi amelazwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaniangalia mimi.

"Pikipiki iko wapi?"

"Nilienda kunywa maji. Nimerudi sijaikuta."

"Mgambo wamepita hapa?"

"Sijawaona."

Naona mama mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Na mimi nilikuwa natikisa kichwa ndani kwa ndani. Sikutaka kumdanganya baba. Nilitaka tu dakika ile ipite. Nilidhani jioni nitapata mahali pa kusema, tukiwa wawili, polepole. Sikujua baba atafanya nini baada ya hapo.

Alipiga simu moja, kwa mwenyekiti wa kijiwe chao. Nyie mnaijua desturi hii kuliko mimi. Ya mmoja ikiibiwa, hakuna anayebeba abiria. Kijiwe kizima kinafungwa, wanagawana barabara, wanatafuta mpaka jua lizame. Hawaulizi mara mbili kama kweli imeibiwa, kwa sababu atakayeuliza leo, kesho ya kwake ikiibiwa atatafutiwa na nani? Kwa hiyo hawakwenda kwanza yadi ya mgambo, zinakowekwa pikipiki zilizokamatwa. Baba alishasema mtoto hajawaona mgambo. Walimwamini baba, na baba aliniamini mimi.

Wengine walikamata barabara ya Mgori, wakisema wezi hupenda kuficha mali msituni. Wengine Issuna. Wengine wakateremka hadi Sekenke, wakisema pikipiki ya wizi hupelekwa machimboni ikabebe mawe.

Mimi nilirudishwa nyumbani. Niliosha vyombo ambavyo mama alishaviosha. Nilifagia uwanja, nikafagia tena nilipofagia. Baba alikuja kuchukua kadi ya pikipiki apeleke polisi, lakini simu zikaanza kuingia, akabaki uani, simu ameiweka sauti ya nje, na mimi nasikia zote.

"Issuna hapa. Hakuna kitu."

"Mgori hapa kaka, tumeuliza mpaka kwa warina asali. Hakuna."

Kila simu ikiita nilisimama. Nilifika mlango wa uani alipokuwa baba mara nne. Mara ya nne akaniuliza, "Unataka nini?" Nikasema, "Chai iko tayari." Haikuwa tayari. Hata moto sikuwa nimewasha.

Alasiri ikaja simu ya Sekenke. Sauti haikuwa ile ya kawaida. Mwenzao mmoja alikuwa amekwepa lori kwenye kona za mteremko, akaingia kwenye kokoto za pembeni, akaanguka. Mfupa wa bega umevunjika. Mzima, lakini wanamrudisha kwa gari.

Baba alikaa chini. Si kwenye kiti, chini. Akasema, "Kijana wa watu ameumia kwa ajili yangu."

Niliingia ndani nikachukua daftari. Nilitaka kuandika yale yote ili nimpe asome, maana nilijua nikifungua mdomo nitasema tena chai. Nikaandika ukurasa mmoja. Nilipotoka uani, wale wa Mgori na wa Issuna walikuwa wamesharudi, wamejaa uwanja mzima, nyusi zimekuwa nyekundu kwa vumbi, wanakunywa maji ya mtungi kwa zamu. Watu zaidi ya kumi. Miguu yangu ikataka kurudi ndani.

Nikampa baba ukurasa. Akausogeza mbali, akausogeza karibu, akaniambia, "Sina miwani. Soma."

Nikasoma. Pale pale mbele yao. Getini, bango, mgambo, "hapana", maji ambayo sikunywa. Sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka mmoja akazima redio ya kwenye pikipiki yake asikie. Nikamaliza. Nilisubiri kofi. Nilikuwa nimeshafumba jicho la upande huo.

Baba akauliza, "Kwa hiyo iko yadi?"

"Iko yadi."

Mwenyekiti wa kijiwe akajifuta vumbi usoni. "Tumemtafuta mwizi mpaka msituni," akasema, "kumbe mwizi amevaa sare."

Walicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. Halafu ndipo likaja jambo ambalo ndilo limenileta mbele yenu leo. Kaka mmoja mrefu, aliyekuwa amekaa pembeni ya tenki la maji, akasema bila kuniangalia, "Mimi walinifungia pikipiki kwa mnyororo hapo hapo getini mwezi uliopita. Nilikuwa na mama mjamzito. Kijiweni niliwaambia injini imekufa."

Mwingine akasema, "Ile siku niliyosema nina malaria? Sikuwa na malaria."

Na mwingine. Na mwingine. Kila mmoja alikuwa ameshafungiwa pikipiki pale, amelipa kimyakimya, amekuja na hadithi yake ya fundi au ya homa. Waliona aibu kusema wamekamatwa kama wezi wakati walikuwa wamebeba wagonjwa. Mimi nilijiona peke yangu duniani ndiye mwongo, kumbe kijiwe kizima kilikuwa kinalificha bango lile, kila mtu kwa uongo wake mdogo.

Kesho yake mama alishika kuku, tukaenda kwa yule kaka wa Sekenke. Nilipiga magoti. Alikuwa amefungwa kitambaa shingoni, amekaa kitandani. Akaniambia, "Mdogo wangu, kuku nitamla, lakini bega linauma vile vile." Sikujua nicheke au nilie. Akaongeza, "Mkienda kwa wakubwa kulalamika, msiniache. Nitakwenda na hili bega walione."

Tulikwenda ofisi ya halmashauri, wenye mgambo. Mara ya kwanza tuliambiwa mhusika yuko safari. Mara ya pili tuliambiwa tuandike barua. Niliandika mimi, usiku sikulala vizuri nikifuta na kuandika upya, kila mmoja akaeleza la kwake na kusaini, jina na aliyekuwa amembeba siku ile. Mjamzito. Mtoto mwenye degedege. Mzee aliyekatwa na shoka. Mara ya tatu tukaitwa kikaoni. Bwana mmoja mwenye miwani akaisoma, akauliza, "Nyie wote mnasema. Yupo aliyeona kwa macho yake mgonjwa akishushwa, kisha pikipiki ikachukuliwa?"

Baba alinisukuma mgongoni kwa kidole.

Nikasimama, nikaanza kusoma ule ukurasa. Katikati yule bwana akanikatiza: "Sasa binti, kwa nini hukusema siku ile ile? Mgambo si walikuuliza?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Nilitafuta chini, halikuwepo. Nikasema, "Niliogopa. Hilo ni kosa langu. Lakini bibi yangu hakuwa akiogopa. Alikuwa hawezi kutembea. Mngemtaka avuke mtaro vipi?"

Yule kaka wa bega akajikohoza. Bwana mwenye miwani akavua miwani, akasema, "Tutalifanyia kazi." Nyie mnacheka. Hata sisi tulicheka, tulipofika nje.

Lakini walilifanyia. Ilichukua muda, na mwenyekiti wetu alikwenda kukumbusha mpaka karani akawa anamkimbia. Sasa pale getini wamechora mistari, pikipiki inasimama ishushe mgonjwa, na anayesubiri ameletewa sehemu upande huu wa mtaro. Pikipiki ya baba ilitoka. Sitawadanganya kwamba yamekwisha, wapo mgambo wanaojifanya hawaoni mistari, wiki iliyopita mmoja alibishana na baba. Ila walibishana. Zamani baba angeenda kusema injini imekufa.

Namshukuru baba ambaye hakunipiga, na ambaye hakuniambia si neno. Alisema ni neno, na akanitafutia pa kulisahihisha. Namshukuru mama na kuku wake. Nawashukuru wale waliokula vumbi la Mgori kwa ajili ya uongo wangu na hawajanirushia maneno hadi leo, isipokuwa utani. Yule kaka wa Sekenke ameshaanza kuendesha tena, polepole, na akinibeba hanitozi, ananiambia nilishalipa kwa kuku. Bibi anawasalimu.

Fundisho langu ni dogo, mimi bado mwanafunzi. Bango lile halikusimama kwa sababu ya wenye nguvu peke yao. Lilisimama kwa sababu kila aliyegongwa nalo alikwenda kujificha. Kama yupo humu ambaye pikipiki yake iko yadi sasa hivi na nyumbani amesema iko kwa fundi, simtaji, simjui. Lakini mwenyekiti wenu ana kalamu na daftari jipya hapo mezani, na mimi nakaa chini nimpishe.