Risala ya Kamba Moja kwa Mgeni Aliyekuja Kumwona Kipa Wetu

Mgeni rasmi, mwenyekiti wa klabu kubwa ya ligi kuu; wazazi wetu; walimu; na nyie wachezaji mlioamka leo mkijiona watu wazima:

KARIBU

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibu katika uwanja wetu wa nyuma ya maghala, ambao leo umefagiliwa mara mbili kwa ajili yako. Mimi ninayesoma ni katibu wa klabu, kwa kazi ni fundi cherehani, lakini maneno ni yetu sote. Tuliyabishania mpaka kocha akakaukiwa sauti. Umekuja kutukabidhi kombe la vijana. Tumefurahi sana, na hatutajifanya kwamba hatukulitegemea.

TULIKOTOKA

Klabu hii ilianza bila mpira wa kueleweka na bila goli. Vijana wa kwanza walisimika nguzo mbili, wakakosa mtambaapanya. Wakaona kamba ya kuanikia nguo kwa mama mmoja wa ng'ambo ya uwanja, wakaifungua, wakaifunga juu ya nguzo, mechi ikaanza. Kabla ya mapumziko mwenyewe akatokea na beseni la nguo mbichi kichwani, akasimama katikati ya uwanja.

"Kamba yangu mmechukua," akasema. "Mwanangu naye namwona pale golini, mmemchukua. Hodi mlipiga saa ngapi?"

Refa mwenyewe alijifanya anafunga kamba za viatu.

Jioni ile kikosi kizima kilioga, kikaenda kwake kuomba: kwanza kamba, kisha mtoto. Alitoa vyote viwili, kwa masharti. Kamba ikatupa jina, na aibu ikatupa desturi. Tangu siku hiyo sisi mchezaji hatumsajili tu, tunamposa. Nahodha, kocha na katibu tunakwenda kwao, tunabisha, tunakaa tunapoonyeshwa, tunasikiliza masharti ya nyumba. Mengine ya usajili yanafuata baadaye.

TUNAYOJIVUNIA

Kombe ni hilo hapo mezani, litajisemea lenyewe. Msimu mzima tumefungwa mabao mawili, na moja tulijifunga wenyewe. Mfungaji yupo hapa, tumeshamsamehe. Hakuna mchezaji wetu aliyeacha shule kwa sababu ya mpira. Beki wetu alipoumia goti tulimbeba mpaka mikononi mwa baba yake, na kocha akalala kwenye kiti chao hadi asubuhi. Jezi nashona mimi. Ukiona saba imepinda, ujue umeme ulikatika.

Na tunaye Gundi, kipa wetu. Hatutakuficha, nawe usitufiche: tangu ufike macho yako yako golini. Baba yake, Mungu amrehemu, ndiye yule kipa wa siku ya kamba. Mama wa beseni ndiye bibi yake, na ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Siku hizi uwanja mzima tunamwita Bibi. Gundi akidaka mpira tunavimba vichwa kama tumedaka sisi, na wala hatuoni haya kusema hivyo.

YANAYOTUSUMBUA

Viatu. Wachezaji wetu wanavivaa kwa zamu, kwa hiyo kocha hafanyi mabadiliko kwa kutazama mchezo peke yake, anatazama na ukubwa wa mguu. Winga wetu alimaliza fainali yuko hoi bin taabani, kwa sababu aliyekuwa benchi viatu vile havimwingii hata kwa kusukumwa na watu wawili. Cheka tu, mgeni rasmi, sisi tulishacheka.

Kupata vijana nako kuna kazi yake. Wazazi wengine bado wanasema mpira ni uhuni. Wengine wanataka kijana akitoka shule abebe mizigo ghalani, nyumba ipate chochote. Tunawaelewa. Tunarudi tena na tena, mpaka mbwa wao wametuzoea.

Ila kumpata si kazi kama kumbakiza. Misimu miwili iliyopita beki wetu Kufuli alipigiwa simu, akapanda basi, akaenda klabu kubwa. Mama yake aliambiwa na jirani, dirishani. Mpaka leo Kufuli hajacheza hata mechi moja, anabeba mfuko wa mipira. Akija likizo anapita nyuma ya maghala tusimwone, na sisi huku tunatamani kumwona. Klabu gani, hatusemi. Basi lililomchukua tulilitambua kwa rangi zake, nazo zinafanana na za tai yako. Nyie vijana wa nyuma, acheni kucheka, risala inasomwa!

TUNACHOOMBA

Wengi walidhani tutaomba viatu. Ukivileta hatutavirudisha, hasa vile vikubwa. Lakini ombi letu ni moja.

Hatukuzuii kumchukua Gundi. Mcheza kwao hutunzwa, nasi tumemtunza ili aonekane. Tunachoogopa, na tunakwambia mbele ya kombe, ni asije akawa Kufuli wa pili. Basi mpose. Sikiliza masharti ya nyumbani kwao. Na ikifika siku mkaona hamna kazi naye, mrudisheni nyie wenyewe, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele. Kufuli naye mpelekee salamu, umwambie jezi yake ipo na namba yake sijaibandua.

Kiti kilicho wazi kuliani kwako ni cha Bibi. Tulimwalika, akasema, "Anayemtaka mjukuu wangu, kwangu anapajua. Kama hapajui, ataonyeshwa."

Ni kukata uwanja tu, mlango wa bluu. Gundi ataona haya kukuongoza, nahodha atakupeleka. Mbele ya mlango utakuta kamba imetandwa na nguo zimeanikwa, na Bibi haiondoi kwa ajili ya mtu, hata sisi wenye kombe. Inama kidogo upite, kisha piga hodi.

Mungu akubariki, aibariki na klabu yako ishinde mechi zote, isipokuwa siku itakayokutana na yetu.

Ni sisi,
Klabu ya Vijana ya Kamba Moja.