Mkono Uliobaki Pichani

Wasikilizaji wapendwa, wekeni mwiko chini kidogo, tumkumbuke Selpher Nekesa. Mama Triza wa mtaa wa Pipeline. Yule aliyewalea watoto wa majirani, mama zao wakiwa kazini viwandani.

Kila mtoto, Mama Triza alimwita "wangu". Umlete asubuhi hata jina lake hajalijua, kufika saa sita ni wangu. "Hata mimi nilikuwa naona wivu," anasema Triza, binti yake wa pekee. "Nyumba nzima ni wangu, wangu, wangu!"

Siku moja mtoto wa Wakiuru, mmoja wa mama hao wa viwandani, alishikwa na homa. Mama Triza akambeba mbio hadi kliniki. Wakiuru akatoka kazini, akawakuta mlangoni, akaweka mkono kwenye paji la mwanawe. Jirani akapiga picha ili amtumie baba wa mtoto, atulie moyo. Ilikuwa picha ya heri, wapendwa.

Aliyeikata hatumjui. Wakiuru akaondolewa, ukabaki mkono wake tu. Chini pakaandikwa: mwizi wa watoto, Pipeline. Ikaenea kwenye magrupu ya WhatsApp ya ploti zote, kila jengo la wapangaji. Watu wakapanda ngazi hadi kwake, wakamuuliza Mama Triza, "Hawa watoto ni wa nani?"

Naye kwa mazoea yake akajibu, "Ni wangu wote."

Mdomo huponza kichwa. Lakini inauma, jamani, mtu kuponzwa na neno la upendo! Watoto walichukuliwa na wazazi wao siku hiyo hiyo. Hawakurudishwa.

Wakiuru alizunguka mlango kwa mlango na picha nzima kwenye simu. "Niliwaambia, huu mkono ni wangu, mimi ndio mama yake! Wakasema ati nimenunuliwa nimtetee." Akaituma kwenye grupu. Kimya.

Mama Triza aliishi na kimya hicho mwaka mzima. Vikombe vidogo aliendelea kuvisuuza kila asubuhi. Wiki iliyopita, presha ikamchukua.

Familia ilipotafuta picha ya kuweka juu ya jeneza, haikupata nyingine iliyo wazi. Wameweka ile ile. Nzima, Wakiuru akiwemo.

Pole sana, Triza. Pole, Wakiuru. Mungu awafute machozi.

Nanyi wapendwa mlioipokea na kuituma mbele, kaeni na hili usiku wa leo. Mkono ule ulionekana wazi, umetulia kwenye paji la mtoto. Mtaa mzima uliuona. Hakuna aliyeuliza ni wa nani.