Dada Yetu Aliyewaamkia Maiti

Waombolezaji wote, mliokuja kwa uchungu na mliokuja kuonekana, familia imenipa mimi, mdogo wake kitinda mimba, kazi ya kusoma maisha ya dada yetu, na nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, mkono wa fundi baiskeli aliyeacha shule mapema na kujifundisha kusoma kwa magazeti ya kufungia misumari. Kamati ya mazishi ilitaka nisitamke neno mochwari, eti niseme alikuwa mtumishi wa sekta ya afya, lakini dada yangu hakufanya kazi kwenye sekta, alifanya kazi mochwari, na mwenye kinyaa na neno hilo azibe masikio, maana nitalitaja mpaka mwisho.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa mshona viatu na mama muuza mkaa, akaanza shule ya msingi mwezi Januari 1965, ile iliyo ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1971 na kufaulu, ila mwaka huohuo macho ya baba yalififia, sindano ikawa inamchoma vidole badala ya kupita kwenye ngozi, basi dada akabaki nyumbani kutulea sisi wadogo zake, na waliofaulu chini yake wakaenda mbele, wengine wamo humu ndani na miwani yao.

Tarehe 2 Juni 1978 aliajiriwa hospitalini kuwa mfagizi wa mochwari, kazi ambayo tangazo lake lilining'inia getini mpaka likapauka kwa jua, kwa sababu mshahara ulikuwa wa kumcheka mtu na watu walilipita tangazo lile kama wanavyompita mbwa aliyekufa barabarani, na mama alipolia kwamba mwanawe atanuka kifo, alimjibu, "Mama, sakafu ni sakafu, tofauti ni anayeikanyaga." Alipewa ndoo, fagio la brashi ngumu na buti za mwanamume zilizomzidi, akazijaza vitambaa kwa mbele, akaingia kazini.

Siku zile wahudumu wa mle ndani waliwaita marehemu mizigo, wakawavuta kwa miguu kama magunia, na dada, ambaye kazi yake ilikuwa maji na dawa tu, alianza kuwaamkia, mzee alimwambia shikamoo baba, mama alimwambia shikamoo mama, mtoto alimwita mwanangu, kisha ndipo akaomba ruhusa ya kupitisha fagio chini ya meza yake. Wahudumu walimcheka mpaka wakashika mbavu, mmoja akamwuliza, "We binti, unangoja wakuitikie marahaba?" naye akasema, "Wakiitikia nitakimbia, lakini nisipowaamkia nitaona aibu."

Mwezi Septemba 1981 mjane mmoja aliyekuwa akingoja nje ya mlango alimsikia akisema, "Shikamoo baba, naomba nikugeuze upande wa ukuta," kwa kuwa siku hiyo mhudumu alikuwa amelewa na dada ameshika kazi isiyo yake, na mjane yule akaenda moja kwa moja kwa mganga mkuu kusema kwamba mume wake asiguswe na mtu mwingine isipokuwa huyo mwenye adabu. Baada ya hapo kila familia ikawa inamwulizia, hospitali ikamnyang'anya fagio na kumpa aproni, akasoma kozi ya jioni, akaanguka mtihani, akaurudia, na tarehe 1 Julai 1993 akawa msimamizi wa mochwari nzima, na sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba atakayemwita mtu mzigo atatoka humo ameubeba yeye mwenyewe. Alistaafu mwaka 2012, akafungua ofisi yake ya kuandaa marehemu kwenye mtaa wa maseremala, mlango wa kijani, akiwa na wahudumu aliowafunza mwenyewe na gari lililokuwa likimetameta kuliko magari ya maharusi wenu.

Ndoa aliipata mlemle mochwari, kwani mwaka 1983 fundi bomba aliitwa kuzibua mtaro, akaingia akitetemeka huku ameinamia bomba lake, dada akamwambia mzee aliyelala mezani, "Shikamoo baba," fundi akaitikia "Marahaba" bila kuinua uso, wakacheka wote wawili mpaka wakamwomba mzee wa watu radhi. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 1984, wakajaliwa binti mwaka 1985 na mvulana mwaka 1988, watoto walioitwa shuleni watoto wa Mama Maiti, na fundi bomba akatangulia tarehe 22 Novemba 2016, akaandaliwa na mikono ya mkewe.

Mikono hiyo ndiyo ninayotaka kuisema. Shemeji yake mkubwa, ambaye leo ni mwenyekiti wa kamati na ameketi pale mbele kwenye kiti chenye mto, tangu siku ya ndoa hakuwahi kuishika, alimpa kiwiko huku akisema, "Si ubaya, shemeji, ni afya tu," na kila alipokuja nyumbani kwa ndugu yake alikuja na kikombe chake mfukoni, kimefungwa kwenye leso. Mwaka 2004 mkewe alipofariki, alisimama mlangoni mwa mochwari akilia, "Shemeji, nakuomba, mtengeneze kama alivyokuwa," na dada akamtengeneza, akamsuka nywele alivyopenda kusukwa, na mwenyekiti akabusu paji la uso ambalo mikono ileile ilikuwa imetoka kulipangusa, kisha chai ilipoletwa akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikombe.

Dada alianza kuugua figo mwezi Agosti 2021, na walio wengi kati yenu mlipokuja kumjulia hali mliketi karibu na mlango. Kifo hakikumtisha, walikuwa wamezoeana kama majirani wa ukuta mmoja, alichokiogopa ni kuvutwa kwa miguu na mtu asiyemwamkia, na swali lake lilikuwa lilelile kila nilipomletea uji, "Mdogo wangu, mimi nitageuzwa na nani?" Alitaka wanawake wa ukoo wake, alitaka wamshike hata mara hiyo moja.

Alifariki tarehe 9 Mei 2022, saa nne asubuhi. Nilipita kwa wanawake wa ukoo mmoja mmoja, huyu mgongo, huyu presha, huyu ameota ndoto mbaya, na mwenyekiti akanishika bega, mimi aliweza kunishika, akasema, "Waachie wenyewe wa kazi hiyo." Basi alikwenda binti wa dada pamoja na yule mwanamke mrefu ambaye dada alimwajiri kwanza kwa kufagia, akampa brashi yake mwenyewe, na leo ndiye anayeshika ofisi ya mlango wa kijani. Nilisimama nje ya mlango, nikasikia sauti ya yule mrefu ikisema, "Shikamoo mama, tunaomba tukugeuze upande wa ukuta," na kwa kuwa dada hakuweza, mimi mdogo wake nikaitikia marahaba kwa niaba yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, waliomshika bila kufikiria mara mbili, inawashukuru wafanyakazi wa mochwari, wa zamani na wa sasa, inawashukuru majirani waliompa mkono, ambao wanajijua na wanatosha kukaa benchi moja, na inaishukuru kamati kwa viti na mahema. Punde jeneza litafunguliwa mpite kumuaga, mtaona amependeza, mtasema kama mlivyozoea kwamba ni kama amelala, lakini asije mtu hapa na kiwiko. Mwenyekiti, kikombe chako ulikisahau jana kwetu, kimeoshwa, kiko mezani.

Shikamoo, dada. Umegeuzwa na wanaokupenda, sasa pumzika kwa amani.