Leza ya Kidevu

Ndani ya basi la kutoka Maramba, Anastazia alimweleza abiria mwenzake, Suhaila, kwamba anakwenda Tanga mjini kupigwa leza, ndevu zake zisiote tena kabla ya harusi. Suhaila, aliyejitanda mtandio mpaka puani, akauliza, "Huko kliniki wamekujaribia kwanza mahali padogo?"

"Hapana, dada. Wamesema mashine ni hiyo hiyo kwa watu wote."

Suhaila akashusha mtandio. Kidevu chake chote kilikuwa mabaka ya kuungua. "Na mimi waliniambia hivyo hivyo, kumbe ile haifai kwa ngozi nyeusi kama zetu. Iko inayotufaa, mdogo wangu. Muone daktari wa ngozi kwanza. Mchumba wangu aliniona hivi mara moja tu, hakurudi tena."

Anastazia aliyatazama yale mabaka, machozi yakamlengalenga. "Na wangu amesema haoi mwanamke mwenye ndevu. Harusi ni Jumamosi."

Basi liliposimama stendi, Anastazia alimshika mkono, akasema, "Niombee, dada," akashuka, akaita bodaboda impeleke kwa wale wa leza.