Mtikisiko Usiokuwa wa Jua

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwalimu wa chuo kikuu, bingwa wa elimu ya Jua. Wanafunzi walimwita Mama Jua. Ametutoka wiki hii, baada ya kuugua.

Kazi yake ilikuwa kulisikiliza Jua. Ndiyo, kulisikiliza! Jua halitulii. Ndani yake mna mawimbi ya sauti, na uso wake hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi. Ukiligonga tikiti maji, mlio unakuambia hali ya ndani. Jua nalo linajigonga lenyewe, na Mama Jua alitega sikio. Mumewe anacheka akikumbuka: "Mawingu yakitanda, nyumbani hakukaliki. Hata chai yangu ilikuwa na makosa!"

Lakini kuna jambo lililomkosesha raha. Mwenyewe aliomba lisemwe, nasi tunalisema.

Mwanafunzi wake mmoja, binti mchapakazi, aliona kwenye vipimo vya kifaa chao cha kulichunguza Jua mtikisiko mpya. Akaamini unatoka kwenye kiini cha Jua, akaujengea utafiti wake wote. Siku ya kuutetea, ukumbi ulifurika. Mtahini akamuuliza, "Kifaa chenu kina kipasha joto?"

"Hakina," binti akajibu, bila wasiwasi.

Mtahini akaonyesha picha ya kifaa. Kipasha joto hicho hapo, kinajiwasha na kujizima. Mtikisiko ulikuwa wake, haukuwa wa Jua. Watu wakaangua kicheko. Binti akaonekana mwongo.

Wasikilizaji, kipasha joto kile alikiweka Mama Jua mwenyewe, wakati wa baridi, akasahau kumwambia binti. Alipaswa kusema maneno mawili tu: "Nilikiweka mimi." Hakuyasema. Alijikausha, akainama kama anayetafuta kalamu chini ya kiti.

Binti alifeli. Akaliacha Jua, akaenda kufundisha sekondari. Mama Jua akapanda cheo. Mumewe anasema kila alipopongezwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Ilikuwa aibu, wasikilizaji, na aliijua kuwa aibu.

Ugonjwa ulipomlaza, akamwita yule binti, sasa mama wa watoto. Mumewe alikuwepo.

"Mwanangu, kile kipasha joto nilikiweka mimi. Nikakuacha uchekwe."

"Najua, mwalimu. Nilijua siku ile ile. Nilikuona ulivyoinama."

"Mbona hukunitaja?"

"Nilidhani utasimama. Nikawa nakungoja."

Mama Jua akavuta shuka, akajifunika uso. Binti alimshika mkono, lakini hakumwambia kwamba yameisha.

Tunampa pole mume, watoto na ndugu wote. Na wewe binti, popote unapotusikiliza, tunakupa pole yako peke yako, maana ulikuwa huna kosa.

Nasi tuliobaki tujiulize. Kuna mtu aliyechekwa kwa kosa lako? Huenda hadi sasa anakutazama, anangoja usimame.