Walinifukuza na Debe Langu la Mbegu

Wazazi, walimu, wazee, na wewe baba uliyeegemea mlango kama mtu anayetafuta nafasi ya kutoroka: nawasalimu nyote. Joto lenu la huku Mbeere limenivua sweta kabla sijafika getini. Mimi ni mtu wa Kibirichia, kwenye baridi na viazi. Majina ya watu nimeyaacha huko huko juu. Nikisema Mwenyekiti, namaanisha mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa shule yetu wakati ule, na hiyo inatosha.

Aliyeniita ni mwalimu mkuu wenu, mama huyu aliyeketi hapa. Kabla ya kuhamishiwa hapa kwenu, alikuwa mwalimu mkuu wetu. Alinipigia simu akasema, "Baba Kinya, wazazi wangu wa huku wamegawanyika. Wenye mbuzi hawaketi na wenye mashamba ya ndengu. Njoo uwaambie yaliyokupata." Nikamjibu, mwalimu, mimi si mtu wa kuhubiri upendo. Akasema, "Najua. Ndiyo sababu nakuita."

Basi nisikilizeni.

Masomo yangu yaliishia darasa la nne. Sisemi kwa aibu, nasema ili mjue nilipotoka. Nilianza kwa kubeba viazi mgongoni soko la Kiirua. Na si gunia la kawaida, ni lile la lumbesa, lililoshonewa wavu juu likajazwa mpaka linamzidi mtu urefu. Kutoka mgongo wangu nikanunua punda. Kutoka punda nikafika kwa mkokoteni, kutoka mkokoteni nikafika kwa kanta, lori langu dogo. Nikajenga nyumba ya mawe yenye vigae vyekundu. Simama barabarani kwetu uulize nyumba ile ni ya nani, hata adui yangu atakuonyesha, ingawa atakunja uso.

Na adui nilikuwa naye. Shamba la Mwenyekiti liko juu ya langu, mlimani, mpaka wetu ni mmoja. Yeye ni mtu wa kalamu, alifanya kazi ofisini mpaka akastaafu. Nilipoweka vigae, alipita akasimama, akaniambia, "Nyumba umejenga. Sasa tafuta mtu akusomee gazeti ukiwa ndani." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini nililiweka lile neno mahali.

Kisha ukaja ugonjwa wa kunyauka. Wenye kujua viazi wanaujua. Asubuhi shamba ni kijani, jioni mmea umelala kama umemwagiwa maji ya moto, na udongo bado una unyevu. Ukichimba, kiazi kinatoa usaha. Ulianza kwa shamba hili, ukaruka lile, na kila mtu akawa anauliza umetoka wapi.

Mwenyekiti alikuwa na jibu. Kwenye mkutano wa wazazi, hapo hapo shuleni, alisimama na koti lake la vifungo vya dhahabu akasema, "Ni nani kati yetu ana lori? Ni nani huenda mbali akarudi na viazi vya watu tusiowajua? Ugonjwa haukuja kwa miguu." Hakunitaja. Aliniangalia tu, na mkutano mzima ukageuza shingo.

Ndugu zangu, nawaambia, kwetu mtu akitengwa hapigwi wala hatukanwi. Anaachwa tu. Walikubaliana asiuziwe mtu kama mimi kitu, asilimiwe, asichimbiwe, kanta yangu isipite njia za mashamba yao. Ukiomba moto wa jirani, jirani amezima jiko sasa hivi. Viazi vyangu vilivyopona vilikaa ardhini bila mtu wa kuvichimba, nikavichimba na mke wangu, sisi wawili, majirani wakitutazama kwa ua wakitafuna njugu.

Hayo niliyavumilia. Kilichonichoma ni mtoto wangu Kinya. Alirudi kutoka shule akasema, "Baba, wenzangu wamehama benchi." Nikamuuliza, wote? Akasema, "Mwalimu aliwarudisha. Lakini wameketi wakinipa mgongo."

Sasa, mwalimu mkuu huyu alikuwa amekuja kwetu karibuni. Aliona kijiji kinavyotazamana kwa jicho baya, akasema shule italima viazi vya chakula cha watoto, na mbegu itatoka kwa kila nyumba. Kila nyumba ilete debe moja, ipande mstari wake, mtoto aandike jina la nyumba yao kwenye kibao. Alitoa kona ya uwanja ambayo haijawahi kuona jembe tangu shule ijengwe, ilikuwa nyasi tu. Nia yake ilikuwa wazazi walime pamoja, wazungumze.

Nilileta debe langu. Nilivaa shati safi, ndiyo, kwenda kupanda viazi, kwa sababu nilidhani ni siku ya kurudishwa kwa watu. Mwenyekiti alinikuta getini na kamati yake.

"Hiyo ni nini?"

"Mbegu ya nyumba yangu."

"Rudisha sumu yako nyumbani."

Mwalimu mkuu alibishana nao mpaka sauti ikamkauka. Wakamwambia, mama, wewe ni mgeni hapa, kiazi chake kikiingia tunatoa watoto wetu wote. Nikabeba debe langu nikarudi. Mama mmoja akasema nyuma yangu, "Shati lote hilo!" Mama huyo bado yuko hai na bado namkumbuka.

Haikupita muda akaja dalali kwangu kuuliza kama nauza shamba. Bei yake ilikuwa ya kunitukana. Nikambana kidogo akataja mwenye pesa: ni Mwenyekiti. Mnaelewa sasa? Alinitenga ili niondoke, na niondoke ili achukue.

Na karibu achukue. Nilikuwa nimechoka. Nilimwambia mke wangu tuhame twende mjini Meru, tupange nyumba mtaa wa Majengo, niendeshe kanta tu, niachane na udongo. Mama Kinya aliniwekea sahani ya chakula mbele akasema, "Ukiuza, nitakufuata. Lakini huyo mtu asilale akicheka." Ndipo nikajua nimeoa mtu wa aina yangu.

Nikaenda shule kuomba barua ya kumhamisha mtoto. Mwalimu mkuu akakataa kuiandika siku ile. Akasema, "Ngoja siku ya wazazi ipite, mtoto amalize muhula." Nikakubali kwa sababu ya mtoto, si kwa sababu nyingine.

Na kabla siku ya wazazi haijafika, shamba la shule likanyauka.

Mstari wa kwanza kulala, nisameheni nicheke kidogo, ulikuwa na kibao cha nyumba ya Mwenyekiti. Ukafuata wa katibu wake. Ukafuata wa yule mama wa shati. Mistari ikalala mmoja baada ya mwingine mpaka kona ile ikawa kama mahali pa msiba.

Siku ya wazazi ikafika. Mwalimu mkuu hakutoa hotuba. Aliweka meza mbele, glasi za maji safi juu yake, na kila glasi ina jina la nyumba. Watoto wakaleta mashina waliyokata kutoka kwa kila mstari, wakayaning'iniza ncha ikigusa maji. Tukangoja. Kisha kutoka kwa mashina ukaanza kushuka uzi mweupe, polepole, kama maziwa yanayomwagika ndani ya maji. Glasi ya Mwenyekiti ilikuwa nyeupe mpaka mtoto wake mwenyewe akasema kwa sauti, "Baba, ni yetu!"

Afisa wa kilimo aliyealikwa akaeleza. Huo uzi ndio ugonjwa. Akauliza, "Mbegu mnachagua vipi?" Sote tulijua. Viazi vikubwa tunauza, vya katikati tunakula, vile vidogo vya mwisho tunabakisha vya kupanda. Hata mimi, msidhani nilikuwa mjanja. Akasema, "Mmea mgonjwa ndio huzaa vidogo. Kila msimu mmekuwa mkiuza uzima na kupanda ugonjwa."

Mwenyekiti akainuka. "Huyu mtu ndiye aliyeuleta. Umeenea kutoka kwake."

Ndipo nikasimama. Miaka yote nimesimama mbele ya watu, sijawahi kusimama vile. Nikasema, "Mwenyekiti, nionyeshe mstari wangu."

Akageukia kamati yake.

"Nionyeshe kibao changu. Nionyeshe glasi yangu hapo mezani. Udongo huu haukuwahi kupandwa kiazi kabla yenu. Mimi ulinifukuza getini na debe langu. Sasa hicho kitu cheupe kwa glasi yako ni cha nani?"

Ndugu zangu, watu walipiga kelele mpaka mbwa wakabweka. Yule mama wa shati alipiga makofi kuliko wote! Waliokuwa wakinipa mgongo wakawa wananipa mkono. Nikaona nafasi yangu. Nikasema, mimi sitaki pole. Nataka na yeye atengwe. Asilimiwe, asiuziwe, mtoto wake aketi peke yake. Na watu wakaitikia, "Atengwe! Atengwe!" Wale wale. Kwa midomo ile ile. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata hata siku ya kununua kanta.

Mwalimu mkuu akaja akasimama karibu nami. Hakusema kwa sauti kubwa. "Baba Kinya, shamba lake liko wapi?"

"Juu ya langu."

"Mvua ikinyesha maji yake yanaenda wapi?"

"Kwangu."

"Mtenge. Akose mbegu safi, apande ile ile ya zamani. Halafu uniambie ugonjwa wake utashukia kwa nani."

Wenzangu, nilimchukia mama huyu kwa dakika kadhaa. Alikuwa amenipokonya kisu mkononi, na alikuwa na haki. Nikitaka shamba langu lipone, lazima la adui yangu lipone kwanza. Mkutano wote ulikuwa unaningoja. Nikasema, "Asitengwe. Lakini kazi ataifanya."

Na aliifanya. Shule ilikuwa na kipande kingine juu kabisa, ambacho maji ya ugonjwa hayafiki. Mwenyekiti alikuwa akilisha ng'ombe wake hapo kama ni urithi. Ng'ombe wakatoka. Tukasema hapo ndipo patakuwa shamba la mbegu la kijiji kizima, na mashamba yetu tuyapumzishe kwa mahindi na maharagwe. Mbegu safi ilibidi itafutwe mbali, na lori ni la nani? Nilikwenda na Mwenyekiti akashuhudie. Alipotaka kupanda mbele nikamwambia kiti kimejaa. Kilikuwa kitupu. Alirudi Kibirichia juu ya magunia, na koti lake la vifungo vya dhahabu, akipepewa na upepo wa mlima. Niliendesha polepole kila palipokuwa na watu.

Mwalimu mkuu akaweka sheria moja: nyumba zinazolima pamoja ni zile zisizosalimiana. Hakuna kuchagua rafiki. Mimi na Mwenyekiti tukapewa kuchimba mtaro wa kukinga maji kwenye mpaka wa mashamba yetu.

"Chimba, Mwenyekiti," nikamwambia. "Hiyo si kalamu."

Akajipangusa jasho. "Na wewe unashika jembe kama mtu aliyenunua lori ili asilishike tena."

Nikacheka. Sikutaka, lakini nilicheka. Watoto waliokuwa wakituletea maji wakacheka pia, wake na wangu, na nikaona Kinya amesimama katikati yao.

Msije mkasema tulikumbatiana. Sijamsamehe. Nikikutana naye njiani bado navuka upande wa pili. Lakini mbegu ya shule ilizaa, kila nyumba ikachukua debe lake, na leo watu wa mbali wanakuja kuulizia mbegu yetu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati sasa, mtu wa darasa la nne, na yeye anakuja kwa mikutano anaketi benchi la pili. Shamba langu sikuuza. Kila asubuhi akifungua mlango wake kitu cha kwanza anachoona ni vigae vyangu. Kisasi kingine sihitaji, na hicho nakila kila siku.

Namshukuru mwalimu huyu, aliyekataa kuandika barua. Namshukuru afisa wa kilimo na subira yake. Namshukuru Mama Kinya, ambaye hakunibembeleza. Na hata Mwenyekiti namshukuru, kwa kunifukuza getini, kwa sababu angenikaribisha siku ile, mstari wangu ungelala na mingine na ningekufa na lawama.

Sasa ninyi. Kanisani kila mtu huenda kwake, sokoni mnaibiana, lakini watoto wenu wote wanaingia kwa geti hili moja. Nimeona mmeketi, wenye mbuzi upande wa dirisha, wenye ndengu upande wa ubao. Sikuja kuwaambia mpendane. Mimi simpendi wangu. Mbuzi wa hawa wanakula miche ya shule, na hawa wengine wamefunga njia ya mbuzi kwenda majini, na katikati yenu kuna shule isiyo na ua. Nimepita nje nikaona nguzo zimelala chini, hakuna aliyezigusa, kila upande unangoja mwingine uanze.

Mzee wa fimbo, wewe ni wa mbuzi, sivyo? Na wewe kijana wa kofia ni wa ndengu. Mnachukiana? Vizuri sana. Nguzo ni nzito kwa mtu mmoja. Inukeni, twende nje.